Kisima cha Mama wa Nyumba

Nkwimba tumemzika wiki iliyopita kwao, upande wa Mwakitolyo, mahali ambapo siku hizi wachimba dhahabu wameitoboa ardhi hata ikawa taabu kupata sehemu ya kaburi isiyo na kifusi. Kijana wa Limi alinifuata kwa gari, tukafika jeneza limekwisha kutolewa nje. Limi, binti yake marehemu, alikuwa ameniomba kwa simu niandike wasifu wa mama yake, kwa kuwa nimebaki mimi peke yangu ninayemfahamu tangu alipoolewa kwetu. Niliuandika kwa mkono, kwa herufi kubwa ili msomaji asipate shida. Msemaji wa familia akaupokea, akaugeuza mbele na nyuma, akaniambia kwa adabu, "Shikamoo bibi. Muda umetubana, nitasoma yale ya muhimu." Ya muhimu yakawa mwaka wa kuzaliwa, ambao hakuna aliyekuwa na hakika nao, majina ya wajukuu, na ugonjwa uliompeleka hospitali ya Kolandoto mara mbili. Mwaka mmoja niliokuwa nimeuandika kwa urefu kuliko mingine yote aliuruka. Watu wakasema amina, udongo ukaanza kuingia. Sikumlaumu kijana wa watu, jua lilikuwa kali na wapishi walikuwa wanatungoja. Lakini nimerudi nyumbani na karatasi yangu, na mwaka ule nauandika tena hapa.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya ile miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wapo, wakitulazimisha kulima matuta na kupunguza ng'ombe. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la nne, na hapo ndipo shule yangu ilipoishia. Tulikaa karibu na Samuye. Baba yangu, Mabula, alikuwa ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na mama alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Nkwimba alikuwa mke wa kaka yangu Masele, wifi yangu, ila Masele alikuwa Geita kwenye mgodi wa dhahabu, na kwa mwaka tulimwona mara moja, amevaa viatu. Kwa hiyo Nkwimba aliishi kwetu na kitoto chake Limi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa, na aliyemlinda pale hakuwa mume, alikuwa baba mkwe. Baba akimtazama vizuri, amekaa. Asipomtazama vizuri, hana pengine pa kusimama. Hilo sisi sote tulilijua na hakuna aliyehitaji kulisema.

Nikimkumbuka namwona kwenye chumba cha kusagia. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya nyumba ya mama, mawe mawili ya kusagia yamejengewa kwenye udongo, ukuta umekuwa mweupe kwa vumbi la mtama. Asubuhi tulisaga sisi wawili, yeye kwenye jiwe la mama, mimi kwenye jiwe dogo, na michembe ikichemka nje kwenye chungu, ile harufu yake tamu ya viazi vilivyokauka ikitufikia pale tulipopiga magoti. Alipokuwa hai mama alisaga na Nkwimba, na kwa kuwa kazi ya jiwe haina mwisho, mama alisimulia. Alimsimulia mambo ambayo mimi binti yake sikusimuliwa, kwa sababu mimi ningeolewa niende, na mkwe alikuwa ndiye wa kubaki. Ndivyo historia ya kijiji chetu ilivyoingia kwa mtu aliyezaliwa mbali nacho.

Tena ni lazima nieleze jambo moja, maana vijana hawalijui tena. Kwetu wakati ule mke hakutaja jina la baba mkwe wake wala la mama mkwe. Hata akiwa shambani peke yake hakulitaja. Baba aliitwa Mabula, jina linalotokana na mvua, basi Nkwimba hata neno la mvua kwa Kisukuma alikuwa haliweki kinywani. Mawingu yakikusanyika alipiga kelele, "Maji ya juu yanakuja, anueni mtama!" na majirani wakacheka, wakasema huyu mwanamke amelelewa. Baba alikuwa "Mwenye Kaya." Mama alikuwa "Mama wa Nyumba," hata baada ya kufa. Mke akiteleza ulimi, alitoa mbuzi, wazee wakala, maneno yakaisha. Niliona mbuzi kama huyo akiliwa kwa jirani, na aliyekosa mwenyewe ndiye aliyepika, akicheka.

Klabu ya wanawake ilianzishwa na mwalimu mmoja kijana aliyetoka Tanga, tuliyemwita Mwalimu tu. Tulikutana kwenye baraza la mahakama siku ambazo hapakuwa na kesi, tukakaa kwenye mabenchi ya washitakiwa. Alitufundisha kunawa mikono ya watoto, kufuma, na kuoka mkate ndani ya debe. Wanaume walipita nje makusudi. "Nyinyi, mkimaliza kusoma mtatupikia kwa Kiingereza?" Mwenyekiti wetu, Mama Shija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, aliwajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Tutawapikia kwa Kisukuma, mtakula kwa Kiingereza." Ilipotoka habari kwamba klabu za wilaya yetu na za jirani zitashindana mjini Shinyanga, kazi za mikono, uandishi, na historia ya kijiji, Mwalimu alisema kwa kazi ya mikono tutatarizi kitambaa cha meza. Mama Shija akauliza, "Meza iko wapi?" Mwalimu akasema si lazima iwepo. "Basi tutamtandika ng'ombe," alisema mmoja, na tulicheka mpaka karani wa mahakama akaja kuchungulia. Lakini tulikitarizi. Kilikuwa cheupe na maua ya buluu, maua ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona.

Uandishi nilipewa mimi, niandike jinsi ya kutoa samli kwenye maziwa. Historia ilitakiwa isimuliwe kwa mdomo mbele ya waamuzi, na hapo hapakuwa na ubishi, ni Nkwimba. Alipoanza kusimulia kwenye mazoezi, wanawake waliacha kufuma. Alieleza jinsi vichaka vilivyokuwa vimejaa mbung'o, jinsi Mwenye Kaya alivyokuja na ng'ombe wachache na watu wa ukoo wake wakafyeka. Kisha kiangazi kikawakuta bila maji, wakataka kurudi walikotoka. Hapo ndipo Mama wa Nyumba, akiwa na mimba ya kwanza, alipowaona kanga wakichakura kwenye mchanga wa korongo lililokauka, asubuhi moja, tena asubuhi ya pili palepale. Akapiga magoti akachimba kwa kipande cha kibuyu mpaka mkono ukazama hadi begani, akautoa umelowa. Ndicho kisima tunachokunywea maji. Nkwimba alipofika hapo aliunyoosha mkono wake mwenyewe, akautazama kana kwamba unatiririka. Bi Kwandu, mzee kuliko wote klabuni, aliyekuwepo siku za kufyeka, akaguna, "Ndivyo. Nilikuwepo. Tuliulamba ule mkono."

Tatizo lilikuwa kwamba baba, kwenye mabaraza, alisema kisima alikiona yeye. Alikuwa amelisema miaka mingi, mbele ya mtemi, mbele ya wazungu, na ung'wanangwa wake ulikuwa umekaa juu ya maneno hayo. Sijui kama alikuwa anadanganya au alikuwa amesahau. Mtu akirudia jambo sana, mwenyewe huliamini. Mama alipokuwa hai alilisikia, akaendelea kupakua ugali. Siku ile baada ya mazoezi Mama Shija alimvuta Nkwimba pembeni, mimi nikiwa nakunja kitambaa, akamwambia, "Mwanangu, habari ya mkono simulia, ni ya kweli na ni nzuri. Lakini majina hapana. Ukisema Mama wa Nyumba, kila mtu atamweka anayemtaka. Ukitaja jina, kwa mzee yule usitegemee mbuzi. Una mtoto mgongoni." Nkwimba akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mimi jina hilo sijawahi kulitaja hata ndotoni." Mwalimu naye akaelezwa, akakubali, akasema waamuzi wanataka hadithi na hadithi ipo.

Tulikwenda mjini juu ya lori la pamba, tumekaa juu ya magunia, kitambaa kimefungwa kwenye shuka ili kisipate vumbi. Kwenye uwanja walikuwa wamefunga maturubai. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, wa kutoka Geita wenye vitenge vizuri kwa kuwa waume zao walikuwa na fedha za mgodi, wa kutoka pande za Wasumbwa na mikeka yao. Kitambaa chetu hakikupata kitu. Samli yangu ilipata nafasi ya tatu, nikapewa sabuni ya kunukia ambayo sikuitumia, niliinusa tu. Zawadi ya historia ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu, imewekwa juu ya meza mbele ya waamuzi, na kila aliyepita aliigusa gurudumu kama anayegusa kichwa cha mtoto mchanga. Nyuma ya waamuzi palikuwa na viti vya wakuu. Baba alikuwa kwenye mstari wa mbele, amevaa koti na kofia.

Nkwimba alisimulia kwa Kisukuma, Mwalimu akitafsiri. Alimwachia Mama Shija Limi amshike. Mwanzoni sauti ilikuwa chini, lakini alipofika kwenye kiangazi akasema "maji ya juu yakakataa," wanawake wote wa Kisukuma uwanjani walicheka kwa kumpenda, maana walitambua mara moja kwamba huyu ana mkwe na anamheshimu, na baada ya hapo walikuwa wake. Alipoutoa mkono kwenye mchanga, ungeweza kusikia turubai likipigwa na upepo. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa Kizungu, wa idara ya maendeleo, aliyejua Kiswahili cha darasani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja kijijini kwetu, na baba alikuwa amemwonyesha kisima. Akauliza, "Ng'wanangwa aliniambia yeye ameona maji. Wewe unasema mwanamke. Mwanamke gani? Jina lake?" Nkwimba akasema, "Mama wa Nyumba." Mzungu akasema, "Hilo si jina." Mwalimu akamweleza kwa Kiingereza, kirefu, na mikono. Mzungu akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema kwamba mashindano haya ni ya historia, na klabu zilizotangulia zimetaja majina. Ni kweli walikuwa wametaja, kwa kuwa wasimulizi wao walikuwa wajane waliorudi kwao, waliozaliwa palepale, hawakuwa na mkwe wa kumwogopa. Hapo mimi nikasimama. Nikasema kwa nguvu, "Ni mama yangu, aliitwa Kalekwa!" Mzungu akaniangalia, akainua kidole. "Keti. Hakuna kumsaidia msimulizi. Aseme mwenyewe kama anajua. Kama hajui, amekariri tu hadithi ya watu."

Nyuma yetu mwanamke mmoja wa Geita akacheka, akasema, "Kumbe kasuku." Neno hilo Nkwimba alilisikia. Kukariri! Yeye aliyepiga magoti kwenye lile jiwe miaka yote, na mama akimwagia maneno pamoja na mtama. Alimtazama baba. Hakumtazama usoni, mkwe hatazamwi usoni, alitazama mkono wake uliokuwa juu ya fimbo. Hata leo nafikiri alikuwa anangoja. Baba angeweza kusimama. Angesema neno moja tu, "Ni mke wangu, Kalekwa," na jambo lingekwisha, na watu wangemsifu. Au angesema, "Jina nimemruhusu." Watu wote wa pale walimwona akikaa. Aliuhamisha mkono kutoka kwenye fimbo akauweka gotini.

Nkwimba akasema, "Kalekwa, binti Ngassa. Ndiye aliyeyaona maji."

Alilisema polepole, kwa sauti ile ile ya kusimulia. Makofi yalipigwa na waliokuwa hawaelewi. Waliokuwa wanaelewa walitazama chini. Mama Shija alimkumbatia Limi kana kwamba kuna mtu amekuja kumchukua. Wakatutangaza washindi, wakatukabidhi cherehani, na mtu aliyekwenda kuipokea alilazimika kuwa Nkwimba. Kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Tulikula karanga na ugali uliobaki, tukapitisha kibuyu cha maziwa ya mgando, na kila mmoja alimpa Nkwimba kwanza, kama anavyopewa mgonjwa. Nilikaa karibu naye. Akaniambia, "Minza, nilikuwa na aibu mbili mbele yangu, nikachagua ile niliyoona ni ndogo. Nadhani nilikosea kupima." Mama Shija akasema, "Kesho tutapeleka mbuzi." Bi Kwandu akasema yeye atatoa mbuzi wake mweupe, asiye na doa, na wanawake wakapata moyo kidogo, wakaanza kusema kwamba mzee atapoa.

Mbuzi alipelekwa. Nilikuwa naota moto upande wa jikoni, nikawasikia wazee wakimwambia baba, "Ng'wanangwa, mwanamke ameteleza, ameleta mbuzi. Desturi imetosheka." Baba akasema, "Hakuteleza. Ameulizwa, akafikiri, akasema. Amemtukana marehemu mbele ya watu, na marehemu hawezi kumpokea mbuzi." Mzee mmoja akaanza, "Lakini hayo ya kisima..." Baba akamkata, "Nani ametaja kisima? Mimi nazungumza jina." Nami nikaelewa, mbele ya ule moto wa kinyesi cha ng'ombe, jambo ambalo sijawahi kulisahau: kosa lilikuwa kisima, hukumu ilitolewa kwa jina. Wazee wote wale walilielewa pia. Walikuwa wamekunywa maji yale tangu siku ya mkono uliolowa. Mbuzi mweupe alifungwa kamba akarudishwa kwa Bi Kwandu, na mimi sijaona tena mbuzi aliyerudishwa.

Masele alipelekewa habari Geita kwa mdomo wa mtu. Jibu lake lilikuja kwa mdomo wa mtu yule yule, naye alilitoa akiwa amesimama, akikataa kiti. "Masele anasema, baba akisema, yeye amesema." Kisha akaomba maji ya kunywa. Nkwimba mwenyewe ndiye aliyemletea.

Alirudishwa kwao kabla ya mavuno. Baba hakudai ng'ombe wa mahari hata mmoja, na watu walimsifu kwa ukarimu huo. Maana yake ilikuwa kwamba mtoto ni wetu. Limi alibaki. Asubuhi ile Nkwimba alisaga kwanza, akajaza kapu la unga, akafagia vumbi la mawe, akatoka. Alimnyonyesha Limi akiwa amesimama nje ya boma, akanipa. Alisema, "Usimwambie chochote mpaka aulize." Nilimshika mtoto, kifua changu kimeloa mate yake na maziwa ya mama yake, mpaka kitambaa cha kichwa cha Nkwimba kikatoweka kwenye mtama. Limi alipolia, wanawake wa klabu walikuwa ndani ya nyumba zao. Hakuna aliyetoka.

Cherehani iliwekwa kwetu, kwa sababu nyumba ya ng'wanangwa ilikuwa na mlango wa kufuli. Baba akaagiza meza itengenezwe. Kile kitambaa chenye maua ya buluu kikapata meza yake, kikaifunika cherehani. Klabu iliendelea. Walishona magauni ya watoto, na yalikuwa mazuri, na Mama Shija kila alipozungusha gurudumu alisema, "Maskini Nkwimba." Baadaye akaacha kusema. Mwalimu alikuja siku moja kumwomba baba, akasimama uani akilia, akasema kwao Tanga jambo hili lisingekuwa kosa. Baba akamjibu kwa upole, "Basi mshukuru Mungu, mwalimu, kwa kuzaliwa Tanga." Hakurudi kufundisha.

Nkwimba aliolewa tena huko Mwakitolyo, akazaa wengine, akazeeka. Nilimwona mara chache. Hatukuzungumza habari ya mwaka ule, tulizungumza habari ya Limi, na kila nilipomweleza jambo, kwamba ameota meno, kwamba ameolewa, aliuliza, "Anapenda michembe?" Kisima kimewekewa pampu sasa, na juu ya saruji wameandika jina la baba. Limi aliambiwa tangu utotoni kwamba mama yake alimtukana bibi yake. Alipokuwa mtu mzima alimtafuta mwenyewe, akamtunza mpaka mwisho, lakini hakumuuliza. Nadhani aliogopa kulisikia hilo tusi.

Ameuliza juzi, baada ya matanga. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, miguu imevimba kwa safari, ile karatasi yangu iko mapajani mwake, amekwisha kuisoma. Akasema, "Shangazi, hapa umeandika alimtaja bibi. Tusi lenyewe lilikuwa nini?"

"Hakukuwa na tusi. Alisema jina lake."

"Jina tu?"

"Jina tu. Na kwamba aliyaona maji."

Mkwe wake, msichana mzuri, mke wa yule kijana aliyeniendesha, alikuwa jikoni anatupikia chai na chapati, na mume wa Limi, mzee Masanja, baba mkwe wa huyo msichana, alikuwa nje anajaza mapipa ya maji. Msichana akachungulia mlangoni, mikono ina unga, akasema, "Mama, Masanja anauliza kama maji yametosha."

Hakuna aliyegeuka. Limi aliikunja karatasi, akaikunja tena, akasema, "Mwambie yametosha."